Gari kuukuu la marehemu: Tukague kutu, tukague na mirathi

  

Ndugu wasomaji, mwenye kupita katika mitaa ya Temeke, Mtoni, Mbagala, Magomeni au Mwananyamala hatakosa kuona uani kwa watu, chini ya mwembe au pembezoni mwa ukuta, gari kuukuu lililofunikwa turubai. Aghalabu ni Land Rover ya miaka ya 1960 au 1970, au Volkswagen aina ya Beetle, ama Peugeot 404, ama Mercedes Benz ya zama zile ambazo wenye magari mtaani walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ukimwuliza kijana wa nyumba ile, atakujibu: "Hilo lilikuwa la marehemu baba." Kwa miaka mingi magari haya yalikuwa makazi ya kuku na mchezo wa watoto. Sasa yanatafutwa kwa bei.

Sababu za kutafutwa si ngumu kuzijua. Wako wanaoyanunua ili kuyakodisha kwa maharusi, wako wanaopenda ufundi wa kale, na wako wanaotumaini kuyatengeneza na kuyauza kwa faida. Mwezi Oktoba 2024 lilifanyika tamasha la Land Rover mjini Arusha, na magari ambayo watu waliyadhania yamekufa yakaonekana yakitembea barabarani kwa misururu. Wazee wetu nao wana kumbukumbu zao. Mashindano ya magari ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda mwaka 1962, Peugeot 404 ikashinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Na katika miaka ya 1966 na 1967 aliyekuwa kwenye usukani wa Peugeot hiyo ni Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa hapa hapa Tanzania. Basi mtu akitamani kuwa na gari la aina hiyo hatumlaumu. Kipando kizuri ni katika neema, na Muislamu hakukatazwa neema.

Tunachokisema leo ni juu ya namna ya kununua. Mnunuzi wa gari la zamani hujiona hodari akimleta fundi, akafungua boneti, akasikiliza injini, akapiga teke tairi. Huo ni ukaguzi wa chuma, nao kwa kweli hufanywa nusunusu. Lakini kuna ukaguzi wa pili ambao takriban haufanywi kabisa, nao ni kukagua kama huyu anayeuza ana haki ya kuuza. Tutaanza na huo, kwa sababu gari lililo zima kama siku lilipotoka kiwandani, ikiwa mwuzaji wake si mwenyewe, halinunuliki.

Tuchukue mfano wa kupiga tu, wala hatumkusudii mtu. Mzee mmoja wa Temeke amefariki, ameacha mjane, watoto wawili wa kiume, watatu wa kike, na Land Rover moja uani. Wazazi wake walikwisha kutangulia mbele ya haki. Deni hana, wala wasia hakuacha. Gari limethaminiwa shilingi milioni nane. Kwa mgawanyo wa Qur'ani Tukufu katika Suratun Nisaa, mjane ana thumuni, yaani milioni moja. Milioni saba zinazobaki ni za watoto, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Kwa hiyo kila kijana ana milioni mbili na kila binti ana milioni moja. Hesabu imetimia nane. Sasa yule kijana mkubwa, ambaye ndiye mwenye funguo, ndiye mwenye kadi na ndiye mwenye sauti nene, ana robo tu ya gari lile. Akilitia bei na kupokea fedha zote, robo yake ameuza kwa haki, na robo tatu amezitoa katika mali ya mama yake, ya mdogo wake na ya dada zake. Na kama binti wa mwisho ana umri wa miaka 11, basi sehemu ile ni mali ya yatima, na kila mwenye kusoma sura hiyo anajua onyo lililotolewa juu ya wanaokula mali za mayatima.

Mnunuzi husema: "Mimi nimenunua kwa nia safi, mambo ya familia yao wayamalize wao." Hatukubaliani naye. Kadi ina jina la mtu mwingine, na mwuzaji kwa kinywa chake mwenyewe amesema gari ni la marehemu. Dalili gani nyingine ilikuwa ikingojewa? Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa Waislamu wa mwambao huu, kauli yenye nguvu ni kwamba mauzo ya mtu anayeuza mali ya mwingine bila idhini ni batili tangu mwanzo. Maimamu Abu Hanifa na Malik wao husema mauzo husimama yakisubiri ridhaa ya mwenye mali. Akiridhia yamepita, akikataa yamevunjika. Hakuna hata mmoja kati yao asemaye kwamba haki ya mjane hufutika kwa sababu fedha zilikwisha kuhesabiwa uani. Sheria ya nchi nayo, katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, imejengwa juu ya msingi huo huo: asiye na mali hawezi kumpa mwingine umiliki wa mali hiyo, isipokuwa katika mambo machache ambayo sheria yenyewe imeyataja.

Njia ya halali ipo, wala si ndefu kama watu wanavyoitisha. Warithi hukaa kikao, wakapendekeza msimamizi, wakaandika muhtasari, na shauri likapelekwa mahakamani. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kushughulikia mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu, na kwa wakazi wa Dar es Salaam kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke, kilichoanza kazi mwaka 2021, ambacho kimewekwa mahsusi kwa mashauri ya familia: mirathi, ndoa na watoto. Mahakama ikiridhika humpa msimamizi barua ya usimamizi. Barua hiyo ndiyo mnunuzi anatakiwa aione, aisome, na ahakikishe kwamba jina lililomo ni la huyo aliyekaa mbele yake. Aombe pia kuona kama gari limetajwa katika orodha ya mali za marehemu.

Hapa tuseme jambo moja ambalo linaziumiza familia zetu. Wapo wasimamizi wanaodhani barua ya mahakama imewafanya wao kuwa wenye mali. Sivyo. Msimamizi ni mwenye kubeba amana. Hukusanya, hulipa madeni ya marehemu, hutekeleza wasia usiozidi theluthi, kisha huwafikishia warithi mafungu yao na kurudi mahakamani kutoa hesabu. Kwa hiyo, hata mbele ya barua, mnunuzi mcha Mungu ataomba kumsalimu mjane na kumwuliza mbele ya wanawe: "Mama, gari hili linauzwa kwa ridhaa yako, na bei hii unaijua?" Swali hilo halichukui dakika mbili. Na akinyamaza huku akitazama chini, mnunuzi afunge pochi yake aende zake.

Baada ya barua ni kadi. Gari kuukuu lina mambo yake katika karatasi. Namba za usajili tunazozitumia leo, zenye herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu, zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo tulikuwa na namba zilizoanza kwa TZ. Ukikuta gari bado lina kibao cha zamani, huenda liliachwa kutembea kabla ya usajili ule mpya, na haifai kulilipia kabla ya kupeleka taarifa zake Mamlaka ya Mapato na kujua kama linatambulika katika kumbukumbu zao na kwa jina la nani. Kadi yenyewe isiaminiwe kwa kuitazama tu, kwani karatasi hughushiwa, na kadi ya kweli huweza kuwa imewekwa rehani kwa mkopeshaji. Lililowekwa rehani haliuzwi bila ya ridhaa ya aliyelishika. Ada ya leseni ya kila mwaka ya gari ilifutwa mwaka 2017, lakini faini za polisi wa usalama barabarani huandikwa kwa namba ya gari na huweza kuangaliwa katika mfumo wao kabla ya kununua. Kosa moja kwa kawaida ni shilingi 30,000, na makosa yakijirundika huwa mzigo. Na mauziano yakitimia, jina libadilishwe mara moja. Tunawaona watu wakiendesha miaka kwa jina la marehemu, hadi wao nao wanakufa, na watoto wao wanaachiwa mafundo mawili badala ya moja.

Kisha namba ya chasisi. Hii isomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye kadi tu. Katika Land Rover za Series II na Series III, namba hugongwa kwenye chasisi mbele upande wa kulia, karibu na pale springi inaposhikwa. Pakwanguliwe uchafu taratibu, pafutwe kwa mafuta ya taa, na namba itajitokeza. Katika Beetle namba iko kwenye uti wa katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Magari ya miaka hiyo hayakuwa na namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Utaratibu huo ulienea tangu kuanza kwa miaka ya 1980. Basi usistaajabu kuona namba fupi. Staajabu ukionyeshwa Land Rover ya mwaka 1968 yenye namba ya herufi 17.

Namba ya injini huleta mjadala zaidi, na hapa tuwe waadilifu. Katika miaka ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu nchini, magari mapya na spea havikupatikana, na hadi mwaka 1984 ndipo watu waliokuwa na fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuingiza bidhaa kwa wingi. Wazee wetu waliyafanya magari yaendelee kutembea kwa kuunga hiki na kile. Injini ya petroli ilitolewa, ikawekwa ya dizeli kutoka gari jingine; gia boksi ya huku, difu ya kule. Kwa hiyo gari la mzee mwaminifu huweza kuwa na injini isiyolingana na kadi, wala si wizi. Lakini mabadiliko hayo yanatakiwa yaingizwe katika usajili, na injini iwe na chimbuko linalojulikana. Mwuzaji akishindwa kueleza injini imetoka wapi, namba hiyo iulizwe polisi kabla ya fedha kutoka mkononi.

Sasa chuma. Adui mkubwa wa gari katika mji huu wa pwani si mwendo, ni kutu. Hewa ya bahari ina chumvi, mvua za masika hutuamisha maji uani, na gari lililokaa miaka kumi chini ya mwembe limekuwa likioza kutoka chini kwenda juu. Land Rover za zamani zina hila yake kubwa katika jambo hili: sehemu kubwa ya bodi yao ni ya aluminiamu, ambayo haishiki kutu nyekundu kama chuma. Mnunuzi huona bodi safi, akapaka moyo wake rangi, asijue kwamba chasisi iliyobeba bodi ile, na ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva, ni vya chuma cha kawaida na huenda vimeliwa. Dawa yake ni kulala chini ya gari na nyundo ndogo. Gonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa mlio wa wazi. Kilichooza hujibu kwa mlio mzito, na pengine nyundo ikaingia ndani. Gonga zaidi boriti ya nyuma kabisa, gonga mikono inayotoka ubavuni kushikilia bodi, na pale springi zinapofungwa. Ukiona lami nyeusi mpya imepakwa chini nzima wiki ile ile gari lilipotangazwa kuuzwa, uliza nini kimefunikwa.

Kwa magari mengine, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hutosha kukuambia mahali ambapo chuma kimetoka na puti ikajazwa, kwa sababu sumaku haishiki puti. Lakini usiende na sumaku kwenye bodi ya Land Rover ukarudi ukisema lote ni puti. Aluminiamu nayo haishikwi. Katika Beetle nyanyua kiti cha nyuma. Hapo ndipo betri inapokaa, na tindikali yake hutoboa sakafu hadi ukaona ardhi. Shika pia puli kubwa ya injini nyuma, uisukume ndani na kuivuta nje. Ikicheza na kugonga, injini inahitaji kufunguliwa yote. Na usidanganywe na maneno kwamba Beetle haichemshi kwa kuwa haina rejeta. Inapozwa kwa upepo unaosukumwa na feni kupitia mabati yaliyoizunguka, na mafundi wengi wa mitaani huyatoa mabati hayo wakaona ni takataka. Kheri yake ni kwamba zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi uzalishaji ulipokoma nchini Meksiko mwaka 2003, kwa hiyo spea hazijawa hadithi.

Tena tusisahau mafuriko. Mwezi Desemba 2011 maji yaliingia Jangwani na mabondeni mwingine mwa jiji, na mvua kubwa zimerudi miaka iliyofuata. Gari lililokaa majini hukaushwa, likaoshwa, likanyunyiziwa marashi. Nyanyua zulia, tazama ndani ya taa na chini ya viti. Mstari wa tope haukai mahali hapo bila sababu, na waya zilizogeuka kijani hazitengemai kwa maneno.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Ukifika ukakuta boneti ina moto, mwambie mwuzaji kwa adabu kwamba utarudi kesho alfajiri. Injini iliyochoka huficha aibu yake ikishapata joto, na moshi wa kwanza wa asubuhi ndio wenye kusema kweli: wa samawati ni oili inayoungua, mweupe usiokoma pengine ni maji yanayoingia kwenye silinda, mweusi ni petroli iliyozidi. Kifuniko cha oili kikitoka na utando kama chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, na fundi wako atakueleza gharama yake. Kisha gari liendeshwe barabarani, lipandishwe kilima, lifungwe breki mahali pa wazi. Gari lisiloweza kuwashwa wala kujaribiwa linunuliwe kwa bei ya chuma chakavu, au lisinunuliwe.

Katika soko letu kuna mafundi wa kuficha. Oili nzito humiminwa ili injini isigonge kwa siku mbili tatu. Unga wa mbao hutiwa kwenye gia boksi ili meno yaliyolika yanyamaze. Rangi mpya hupakwa juu ya kutu mbichi. Haya si mapya hata kidogo. Wafugaji wa kale walikuwa wakimwacha mnyama siku kadhaa bila kumkamua, kiwele kikajaa, mnunuzi akadhani amepata ng'ombe au ngamia wa maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alilikataza jambo hilo, na akampa mnunuzi aliyedanganywa hiari ndani ya siku tatu: abaki na mnyama, au amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyokwisha kuyakamua. Oili nzito ndani ya injini mbovu ni kiwele kilichofungwa, na anayeimimina ajue hukumu ya kazi yake.

Wengine wamepata kinga yao katika maneno. Husema, "Kaka, mimi nauza kama lilivyo," wakadhani kwa kauli hiyo wamevuka. Wanazuoni wa Kishafii wamelizungumza sharti hili la mwuzaji kujitoa katika aibu zote za bidhaa, na kauli iliyo mashuhuri kwao ni kwamba halimwokoi mwuzaji isipokuwa katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama anayeugua kimyakimya. Na aliyejua kwamba chasisi imekatika ikaungwa, kisha akasema "kama lilivyo", hakusema kweli yote. Kwani lilivyo analijua yeye, mwenzake halijui. Akiitaja aibu kwa jina lake, na mnunuzi akaridhia kwa bei inayolingana, hapo biashara imekuwa halali na yenye baraka, hata kama gari lenyewe halina sakafu.

Iko sehemu ya fundi na dalali pia, na hii tunaipa uzito. Imamu Ghazali ametaja katika Ihyaa habari ya sahaba Waathila bin Asqaa (r.a.). Alikuwa amesimama sokoni, mtu mmoja akauza ngamia wake kwa dirhamu 300. Waathila alikuwa ameghafilika. Alipozinduka mnunuzi alikwisha kuondoka na ngamia. Akamkimbilia akimwita, akamwuliza: umemnunua kwa ajili ya nyama au kwa kupanda? Akasema, kwa kupanda. Waathila akamjulisha kwamba unyayo wa ngamia yule una tundu na hawezi safari ya mfululizo. Mnunuzi akarudi, na mwuzaji akampunguzia dirhamu 100. Mwuzaji akamlaumu Waathila kwa kumharibia biashara yake; naye akamjibu kwamba walimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumnasihi kila Muislamu.

Waathila hakuwa mwuzaji, hakuwa mnunuzi, wala hakuwa na ujira katika shughuli ile. Alijua tu. Basi fundi wa gereji bubu ya Tandika aliyeiunga chasisi ile miaka mitatu nyuma, na leo analetwa na mnunuzi kuikagua, atanyamaza kwa kuwa mwuzaji amemwahidi "chai"? Jirani aliyeliona gari likivutwa kutoka majini atasema hayamhusu? Na swali la Waathila lina faida yake pia: nyama au kupanda? Gari la kupeleka bibi harusi mara mbili kwa mwezi si gari la kwenda Mbagala na Posta kila asubuhi. Mnunuzi amweleze fundi anataka kulifanyia nini, ndipo apate jibu lenye maana. Na fundi awe wa mnunuzi, alipwe na mnunuzi, asiwe aliyeletwa na dalali. Asiye na fundi anayemwamini aende Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, ambako kuna huduma ya kukagua magari, au aombe ushauri kwa walimu wa ufundi wa magari katika chuo cha VETA Chang'ombe. Ujira wa ukaguzi ni mdogo kuliko gasketi.

Yakikubalika yote hayo, iandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kushuhudisha mauziano, na bado Waislamu tunaona haya kumwambia mwenzetu "tuandikiane", kana kwamba tumemtukana. Mtume (s.a.w.) alinunua farasi kwa bedui mmoja, wakaongozana kwenda kulipwa. Njiani watu wasiojua kwamba farasi amekwisha kuuzwa wakaanza kumpandishia bei, na bedui akageuka, akakana mauzo na kutaka shahidi. Hapakuwa na aliyeshuhudia. Ndipo Khuzaima bin Thabit (r.a.) akasimama kushuhudia kwa imani yake tu kwamba Mtume hasemi uongo, na ushahidi wake ukahesabiwa sawa na wa watu wawili. Wewe ndugu yetu wa Kinondoni, bedui wako akibadilika, huna Khuzaima.

Kwa hiyo mkataba utaje namba ya chasisi na ya injini kama zilivyosomwa kwenye chuma, utaje aibu zilizoelezwa na mwuzaji moja moja, utaje bei, na wasaini mashahidi wawili ambao si madalali. Wenye kutaka waweke sharti la hiari, ambalo kwa Kishafii halizidi siku tatu, ili mnunuzi apate asubuhi mbili au tatu za kuliwasha gari likiwa baridi. Gari likiwa la mirathi, asaini msimamizi kwa cheo hicho cha usimamizi, na warithi walio watu wazima wasaini kuwa wamejua. Fedha ziingizwe kwenye akaunti ya mirathi kwa jina la msimamizi, zisihesabiwe juu ya boneti mbele ya vijana wenye haraka.

Na kabla ya kuliondoa uani, fungueni kisanduku cha dashibodi na mtazame chini ya viti mkiwa pamoja na wenyewe. Mkikuta humo stakabadhi, picha, daftari la madeni au tasbihi ya marehemu, vitu hivyo havikuingia katika bei; akabidhiwe mjane.